Nguvu za Akiba: Gitaa la Besi na Amplifaya Kubwa katika Benga ya Migori na Homa Bay

Katika benga, muziki wa dansi uliokulia kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya ambako leo kuna kaunti za Migori na Homa Bay, gitaa la besi halikuwahi kukubali kukaa nyuma ya ala nyingine. Katika mitindo mingi ya dansi besi hushika mapigo na kuweka msingi ambao waimbaji na magitaa mengine huuegemea, na msikilizaji wa kawaida huweza kuusikiliza wimbo mzima asitambue kuwa besi ipo mpaka itakapoondolewa. Lakini katika benga besi huzungumza, hujibu, hukatiza kauli ya gitaa la solo na mara nyingine huitangulia, hivi kwamba bendi ambayo besi yake haisikiki huonekana pungufu machoni pa wachezaji hata kama mwimbaji wake ana sauti ya kutamanika. Ndiyo maana habari za chombo kinachoikuza sauti ya besi, ambazo kwingineko zingeachiwa mafundi peke yao, huku ni habari za muziki wenyewe, na mpiga besi wa Awendo, Rongo, Oyugis au Mbita anayewaza kununua amplifaya yenye nguvu nyingi anakabili uamuzi mpana kuliko namba ya wati iliyochapwa usoni mwa chombo hicho.

Amplifaya ya besi hutengenezwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mtambo wa kukuza sauti na spika vimewekwa ndani ya sanduku moja. Ya pili ni ile iliyotenganishwa, ambapo mtambo husimama peke yake, huitwa kichwa, na huunganishwa kwa waya na sanduku moja au zaidi ya spika. Ndani ya kichwa mna hatua mbili za kazi: hatua ya awali hupokea umeme hafifu unaotoka kwenye gitaa na kuurekebisha kwa vitufe vinavyopandisha au kushusha sauti nene, za kati na nyembamba, kisha hatua ya nguvu huukuza umeme huo mpaka uweze kusukuma na kuvuta koni za spika, yaani zile karatasi ngumu zinazotikisa hewa. Kwa vipimo vya sasa kichwa cha wati 300 huhesabiwa kuwa cha kadiri, na kuanzia wati 500 hadi 1,000 na kupita hapo ndipo penye vile vinavyoitwa vikubwa.

Nafasi ya besi katika eneo hili ina mizizi mirefu kuliko gitaa lenyewe. Wajaluo walikuwa na nyatiti, kinubi cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake huketi chini, akazikwanyua nyuzi kwa mikono yote miwili huku akigonga fremu ya ala kwa pete ya chuma aliyoivaa kidoleni mwa mguu na kutikisa njuga zilizofungwa mguuni humo, hivyo kwamba mtu mmoja hubeba sauti ya juu, sauti ya chini na mapigo kwa wakati mmoja. Gitaa lilipoingia na kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili, na benga ilipopata sura yake katika miaka ya 1960, kazi za mtu huyo mmoja ziligawiwa watu kadhaa, na wa besi akarithi ile sauti ya chini ambayo tangu mwanzo haikuwa kimya. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na Muhuru Bay ya Migori, aliijenga Shirati Jazz juu ya mazungumzo hayo ya magitaa mpaka ajali ya barabarani ilipomuua mwaka 2006. Ochieng Nelly Mengo na Collela Mazee walifanya vivyo hivyo na Victoria Jazz kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aidha, Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji na mfanyabiashara wa sahani za santuri ambaye pia alikuwa mbunge wa Homa Bay, alizitawanya nyimbo za benga hadi Zimbabwe, ambako zilichangia kuzaliwa kwa muziki wa sungura.

Santuri hizo ndizo zilizomwachia mpiga besi deni la kiufundi. Studioni fundi wa kurekodi aliweza kuinua besi kadiri alivyopenda, hata ikawa mbele ya ngoma na sawa na mwimbaji, na wasikilizaji wa vijijini waliozizoea sahani hizo, baadaye kanda, waliingia dansini wakiwa na uwiano huo masikioni. Jukwaani hakuna fundi wa studio. Besi iliyosikika nene na wazi kwenye redio ilipaswa kusikika hivyohivyo katika ua wa baa wenye watu mia kadhaa, chini ya mabati au katika hewa ya wazi, na njia pekee ya kuifikisha huko ilikuwa kuwa na mtambo wenye uwezo wa kutosha. Sehemu ya wimbo inayowainua watu vitini, ile ambayo waimbaji hunyamaza na magitaa yakafukuzana kwa kasi, ndiyo pia inayomdai mpiga besi nguvu nyingi zaidi, kwa sababu hapo kila noti yake ni fupi, ya ghafla, na inapaswa kukatika safi kabla noti inayofuata haijaingia.

Historia ya mitambo yenyewe haihitaji maneno mengi. Leo Fender wa Marekani alianza kuuza gitaa la besi la umeme aina ya Precision mwaka 1951 na mwaka uliofuata akatoa amplifaya yake ya Bassman, ambayo nguvu zake zilikuwa makumi machache tu ya wati. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa SVT, kichwa cha wati 300 chenye vali 14 za kioo, kilichotumiwa mwaka huohuo na Rolling Stones katika ziara yao ya Marekani. Kichwa cha jamii hiyo kina uzito wa kilo 36 na zaidi, na sanduku lake la spika nane ni kazi ya wanaume wawili wenye migongo mizima. Transista zilipochukua nafasi ya vali uzito ulipungua kiasi. Mageuzi makubwa yalikuja na mfumo unaoitwa daraja D, ambamo transista haziachwi zikiwa nusu wazi na kupoteza umeme kwa joto, bali hufunguka na kufunga kabisa mara laki kadhaa kwa sekunde, hivyo karibu asilimia 90 ya umeme huishia kwenye spika. Kwa sababu hiyo kichwa cha wati 500 au 800 sasa huwa na uzito usiofika kilo 3. Kwa mwanamuziki anayekwenda kupiga kisiwani Mfangano kwa boti, au anayepanda matatu kutoka Ndhiwa na gitaa mgongoni, jambo hilo pekee linatosha kubadilisha maisha ya kazi. Masanduku ya spika ndiyo yaliyobaki kuwa mzigo.

Swali gumu ni la wati zenyewe, na hapa wauzaji na wanunuzi huelewana vibaya. Wati ni kipimo cha nguvu za umeme zinazotoka kwenye kichwa, wala si kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na uhusiano wa vipimo hivyo viwili si wa moja kwa moja. Kila nguvu zinapoongezeka maradufu sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haliistaajabii, na ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili inahitajika takriban desibeli 10 zaidi, yaani nguvu mara kumi. Tuseme sanduku la spika linatoa desibeli 97 kwa wati 1 kwa msikilizaji aliye umbali wa mita 1. Kwa wati 100 litatoa desibeli 117, kwa wati 200 desibeli 120, kwa wati 400 desibeli 123, na kwa wati 800 desibeli 126, kwa hiyo anayebadilisha kichwa cha wati 400 kwa cha wati 800 amenunua desibeli 3. Nje, mahali pasipo kuta, kila umbali unapoongezeka maradufu hupunguza desibeli 6, na aliye mita 16 kutoka jukwaani hupata desibeli 24 pungufu kuliko aliye mita 1. Mtu anayetarajia kwamba wati maradufu zitampa sauti maradufu hana budi kuvunjika moyo siku ya kwanza.

Kuna pia udhaifu wa sikio. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetemeka mara 41 kwa sekunde, au hezi 41, na wimbi lake angani lina urefu wa zaidi ya mita 8, ilhali gitaa la nyuzi tano hushuka hadi karibu hezi 31. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu ni zito sana kwa sauti za chini kiasi hicho, na kwamba ili besi ionekane sawa na sauti ya mwimbaji inapaswa kuwa na nguvu nyingi mno kuliko hiyo. Hii ndiyo sababu mpiga solo mwenye amplifaya ya wati 50 anaweza kumfunika mwenzake wa besi mwenye wati 300 bila jasho.

Hata hivyo, faida kubwa ya kichwa chenye nguvu nyingi haiko katika ukubwa wa sauti. Gitaa la besi halitoi umeme uliotulia. Kila kidole kinapoukwanyua uzi hutokea kilele cha ghafla, kisha sauti hushuka na kufifia, na kilele hicho huweza kuzidi wastani kwa desibeli 10 au zaidi. Mpigaji anayetumia wastani wa wati 30 tu, ambazo hazionekani kuwa nyingi, anahitaji wati 300 kwa muda wa kufumba na kufumbua kila anapokwanyua. Akipandisha wastani hadi wati 60, vilele vinadai 600. Kichwa kisichoweza kuvitoa huvikata, yaani wimbi lililopaswa kuwa na kilele cha mviringo hutoka likiwa limefyekwa juu na chini, na sikio huusikia ufyekaji huo kama ukavu, mkwaruzo, au besi iliyopoteza umbo. Kwa benga, ambayo uhai wake uko katika mwanzo wa kila noti, kufyekwa vilele ni kupoteza neno lenyewe na kubaki na mwangwi wake. Kichwa cha wati 800 kinachopiga kwa wastani wa wati 40 hakipotezi nguvu bure. Kinafanya kazi kama lori la miwa lenye injini kubwa linalopanda kilima cha kuelekea Awendo bila kubadilisha mlio. Wapo wanamuziki wanaoupenda mkwaruzo wa vali zilizoelemewa, na katika roki una heshima yake, lakini bendi ya benga yenye magitaa mawili au matatu yanayopishana kwa karibu haina nafasi ya kuuweka.

Akiba hiyo ya nguvu hudhihirika zaidi pale ambapo wageni hawangeitarajia, yaani sauti inaposhushwa. Katika dansi za Wajaluo kuna desturi ya pakruok, ambapo mhudhuriaji hutoa pesa, husimama na kujisifu au kuwasifu jamaa na rafiki zake kwa majina ya mafumbo, na bendi hupunguza sauti ili asikike, huku muziki ukiendelea chini kwa chini. Kwa muda huo besi na ngoma ndizo hushikilia wimbo usianguke. Kisha kauli ikiisha, bendi nzima hurudi kwa mpigo mmoja kwa sauti kamili. Mpiga besi anapaswa kushuka na kupanda kwa vidole vyake mwenyewe, bila kugusa kitufe, na mtambo ulio kwenye kikomo chake hauwezi kumfuata, kwa kuwa hauna tofauti tena kati ya mguso mwepesi na mguso mzito. Haya hayamo katika vijitabu vya watengenezaji, ambao huwaza kumbi za Ulaya na Marekani, lakini kwa kazi ya huku huenda ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kununua kichwa kikubwa.

Namba iliyo usoni mwa kichwa inahitaji kusomwa kwa shaka ya heshima. Kwanza, huandikwa kwa ukinzani maalumu wa spika, ambao hupimwa kwa omu. Kichwa kinachotajwa kuwa cha wati 800 kwa kawaida hutoa kiasi hicho kikiunganishwa na spika zenye jumla ya omu 4. Kikiunganishwa na sanduku moja la omu 8 hutoa karibu nusu au zaidi kidogo ya nusu. Masanduku mawili ya omu 8 yakiungwa sambamba huwa omu 4, na hapo kichwa hufikia uwezo wake. La tatu likiongezwa, ukinzani hushuka hadi omu 2.7 hivi, na kichwa ambacho kikomo chake ni omu 4 hulazimishwa kutoa mkondo kuliko kilivyoundiwa, kikajizima au kikaungua. Jambo hili hutokea hasa vyombo vya watu mbalimbali vinapokutanishwa usiku mmoja na kila mwenye sanduku akataka liunganishwe. Pili, wapo watengenezaji wanaoandika nguvu za kilele cha papo kwa hapo badala ya nguvu ambazo mtambo unaweza kuzidumisha, na namba hiyo ya kwanza huwa maradufu ya pili au kuzidi. Uzoefu wa mafundi ni kwamba bei na jina la mtengenezaji husema ukweli mapema kuliko namba.

Spika nazo zina mipaka yao, na mipaka hiyo ni miwili tofauti. Wa kwanza ni joto: waya wa koili inayosukuma koni hupata moto, na shaba iliyopanda kwa nyuzi 150 za Selsiasi huongeza ukinzani wake kwa karibu asilimia 60, hivyo mkondo hupungua na sauti ikashuka desibeli mbili hadi tatu bila mtu yeyote kugusa kitufe. Mpigaji huhisi besi yake inazama kadiri usiku unavyosonga, akaongeza sauti, na joto likazidi. Wa pili ni mwendo wa koni. Ili kutoa sauti ya ukubwa uleule kwa noti iliyo oktavu moja chini, koni inapaswa kusafiri mara nne zaidi mbele na nyuma, kwa hiyo spika iliyoandikwa wati 400 yaweza kufika mwisho wa mwendo wake kwa wati 100 tu ikidaiwa hezi 35. Katika miji yetu masanduku mengi huundwa na maseremala wa hapahapa, wakitumia mbao za kubanwa na spika zilizoagizwa kutoka nje, na baadhi yake ni kazi nzuri sana. Kasoro hutokea pale ukubwa wa sanduku na tundu la kupumulia vinapokadiriwa kwa macho, kwa sababu sanduku lisilolingana na spika yake huiacha koni bila breki ya hewa. Kichujio cha kukata sauti zilizo chini ya hezi 35 au 40, ambacho vichwa vingi vya kisasa vinacho, huokoa spika nyingi kuliko fyuzi, na msikilizaji haoni kilichoondolewa.

Umeme ndio sura ndefu zaidi ya maisha ya chombo hiki katika Migori na Homa Bay. Kenya hutumia volti 240, lakini volti hizo hupungua kabla hazijafika jukwaani. Waya wa kuunganishia wenye shaba ya milimita mraba 1.5 na urefu wa mita 50, kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 1.2; mitambo yote ya bendi ikivuta ampea 10 kupitia waya huo, volti 12 hupotea njiani na kugeuka joto la wati 120 ndani ya waya wenyewe, joto ambalo likikosa pa kutokea kwa sababu waya umeachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake huweza kuyeyusha ganda la plastiki. Waya mwembamba wenye nusu ya shaba hiyo, ambao ndio wa bei nafuu na ndio unaoonekana mara nyingi, hupoteza mara mbili. Vichwa vya daraja D vyenye mfumo wa kisasa wa kupokea umeme huvumilia upungufu huo kwa kuwa vingi vimeundwa kukubali kuanzia volti 100 hadi 240, ilhali vile vya zamani vyenye transfoma nzito hupoteza nguvu pamoja na volti. Ikumbukwe kwamba si kila kichwa chepesi kina uvumilivu huo, na maandishi yaliyo nyuma karibu na soketi yanapaswa kusomwa kabla ya kuamini. Chombo kilichonunuliwa Marekani kwa ajili ya volti 120 pekee hakiishi zaidi ya sekunde chache kwenye soketi ya Kenya.

Penye jenereta tatizo hugeuka. Jenereta ndogo ya petroli hupunguza mwendo mzigo unapoongezeka ghafla na kuruka juu mzigo unapoondoka, na besi ni mzigo wa aina hiyohiyo: kilele, ukimya, kilele. Taa za ukumbi hufifia kwa kila mpigo wa besi, dalili ambayo watu huizoea na kuicheka, ingawa inaonyesha kwamba volti zinayumba na kwamba vyombo vingine, hasa kinanda na kompyuta, vinaumia. Kwa bahati njema wastani wa umeme unaovutwa na kichwa cha wati 800 ni mdogo sana kuliko jina lake, mara nyingi wati mia moja au mbili, kwa kuwa muziki una mapengo. Kwa hiyo jenereta ya kilovolti-ampea 2 au 3 iliyo nzima, yenye kidhibiti cha volti kinachofanya kazi, huweza kuihudumia bendi ndogo, wakati jenereta kubwa iliyochakaa hushindwa.

Hatari halisi kwa uhai wa mtu iko katika waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Kazi yake ni kupeleka ardhini umeme uliovuja ndani ya chombo badala ya kuuacha ukae kwenye chuma ambacho mtu atakigusa. Nyuzi za gitaa zimeungwa na chuma cha amplifaya, na chuma cha maikrofoni kimeungwa na chuma cha mitambo ya waimbaji. Mitambo hiyo miwili ikichukua umeme kutoka sehemu tofauti, na mmoja wao hauna ethi au umekatwa pini ili uingie kwenye soketi mbovu, mpiga besi anayesogeza midomo kwenye maikrofoni ili kuitikia kiitikio huwa amejigeuza waya kati yao. Ardhi iliyolowa mvua na viatu vyembamba huongeza balaa. Wengine huikata ethi makusudi kwa sababu kuiondoa hunyamazisha mlio wa mvumo kwenye spika, na mvumo ukinyamaza huonekana kama ufundi. Njia salama ya kuuondoa mvumo huo ni kuviunganisha vyombo vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme, au kutumia kisanduku kidogo cha kutenganisha ishara chenye kitufe cha kukata muungano wa ardhi upande wa sauti pekee.

Kisanduku hichohicho, ambacho vichwa vingi vikubwa sasa huwa nacho ndani, ndicho kilichoanza kuishusha hadhi ya kichwa chenyewe. Huchukua sauti ya besi kabla haijafika kwenye spika na kuipeleka kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na kutoka hapo husambazwa na mitambo mikuu ya ukumbi yenye sabwufa, yaani spika kubwa za sauti nene. Katika mikutano ya hadhara, matamasha na harusi kubwa zenye mitambo ya kukodi, watu walioko mita 30 hawaisikii kabisa amplifaya ya mpiga besi, wanasikia sabwufa. Kichwa hubaki kuwa sikio la mpigaji na wenzake jukwaani, kazi ambayo wati 200 huitosheleza. Zaidi ya hapo, bendi nyingi za ohangla, muziki uliojengwa juu ya ngoma za asili na uliopata nguvu mpya mwanzoni mwa karne hii kwa wasanii kama Tony Nyadundo, hutumia kinanda kutoa sauti ya besi, na kinanda hakichoki wala hakidai nauli. Kwa hiyo wanaokihitaji kweli kichwa kikubwa ni wale wa katikati: bendi za magitaa zinazopiga katika baa, klabu na nyua zisizo na mitambo mikuu ya maana, ambako besi hutoka kwenye spika za mpigaji mwenyewe au haitoki.

Namna ya kukirekebisha nayo ina utata wake. Mpigaji akiwa peke yake nyumbani hupandisha sauti nene na kushusha za kati, kwa sababu hivyo besi huonekana tamu na pana. Akifika jukwaani, ngoma na magitaa yakiingia, utamu huo humezwa na asisikike, ndipo anapoongeza nguvu na kuharibu mizani ya bendi nzima. Umbo la noti za benga, ule mwanzo wake unaogonga, uko kati ya hezi 250 na 800 hivi, na mpigaji anayeziinua sauti hizo kidogo na kuzipunguza zile nene husikika kwa nguvu ndogo zaidi. Wazee wa kazi hii wanalijua hilo kwa vidole: hupiga karibu na mwisho wa nyuzi, upande wa daraja, na kuuzuia uzi kwa kiganja ili noti iwe fupi.

Waliobaki ni majirani. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira mwaka 2009, ambazo utekelezaji wake uko mikononi mwa mamlaka ya mazingira ya NEMA, zinaweka katika maeneo ya makazi kikomo cha nje cha desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo huanza baada ya saa mbili, saa ambayo bendi nyingi hazijafungua hata mifuko ya magitaa. Viongozi wa utawala nao wamepiga marufuku disko matanga mara kwa mara, yaani ngoma za usiku kwenye misiba, wakitaja usalama wa watoto na vijana. Lakini kipimo kinachotumiwa, kiitwacho A, kimeundwa kuiga uzito wa sikio kwa sauti za chini, na kwenye hezi 40 huondoa zaidi ya desibeli 34 kabla ya kusoma namba. Matokeo yake ni kwamba besi inayopenya ukuta wa udongo na kutikisa mabati ya jirani aliye mbali, asiyewasikia waimbaji kabisa, karibu haionekani kwenye kipimo. Vipimo vingi vya sauti vina kitufe cha kuhamia kipimo kingine, C, ambacho kwenye hezi hizohizo huondoa desibeli 2 tu. Tofauti ya namba hizo mbili, zikisomwa moja baada ya nyingine dirishani kwa mlalamikaji, humwonyesha ofisa na mwenye klabu ni kiasi gani cha kelele hiyo kinatoka kwa besi, na kama kitufe cha kugeuza ni cha mwimbaji au ni cha yule mwenye kichwa cha wati 800.